Taa Itawaka Wapi

Mdogo wangu alikuwa na anwani sahihi. Naanza na hilo kwa sababu kwenye msiba watu walisema vingine. Walisema magazini, lile duka nililofanyia kazi, ilimtafuta ikamkosa. Haikumkosa. Magazini ilijua nyumba aliyolala, ilijua robine, bomba la mtaa, aliyochotea maji, ilijua hata mama muuza maharagi wa mlango wa pili kwake. Ni mimi niliyeandika yote hayo, kwa mkono wangu, na hayakusaidia kitu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nilikuwa karani katika magazini moja ya Bukavu, kwenye barabara kubwa ya mjini. Nilisoma kwa mapadri miaka sita, kisha nikafundishwa kupiga mashine ya kuandika, na zaidi ya hapo sikusoma. Tuliuza baisikeli, vyerehani, pasi za makaa na taa za pampu. Taa ya pampu kila mtu aliitaka. Ukiitia mafuta ya taa na kuipiga pampu, ule mfuko wake mdogo wa kitambaa, tuliouita soksi, unawaka mweupe mpaka unaona sisimizi ukutani. Nyumba yenye taa hiyo ilijulikana kutoka mlima wa pili.

Kila taa iliyouzwa ilikuwa na fishi, yaani kadi ya mnunuzi. Fishi ilikuwa na mistari mitano: jina, kazi, mahali anapokaa, sanduku la posta, namba ya taa. Zote zilikaa ndani ya sanduku refu la mbao juu ya meza yangu. Bwana, mwenye magazini, alizitaka ili soksi mpya au vipuri vikifika aweze kuwaandikia watu waje.

Mara ya kwanza alipowaandikia, barua zilirudi. Posta ilizileta ndani ya gunia, zaidi ya nusu, zimepigwa muhuri kwamba mtu huyo hajulikani. Bwana alizimwaga juu ya meza yangu. Kisha akasema kwamba kama nimeandika hewa, basi nimlishe mke wangu hewa. Nilizikusanya moja moja kutoka chini. Nilikuwa na hasira, kwa sababu sikuwa nimeandika hewa. Nilikuwa nimenakili sawasawa kabisa.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa. Mtu mweusi wa wakati ule, akiulizwa na mwenye kalamu anakaa wapi, hajibu kwa mdomo. Anatoa kitabu chake cha utambulisho, tulichokiita buku, anakuwekea mbele. Na buku inasema chifu wake nani na kijiji chake kipi. Kuna mpishi ambaye alitoka kijijini kwake angali anabebwa mgongoni, na mimi nikamwandikia barua ya soksi huko. Wengine walinipa sanduku la posta la mzungu wao. Mzungu akirudi Ulaya, anwani inapanda meli pamoja naye. Wengine walitaja namba ya nyumba ya ndugu mwenye ruhusa ya kukaa mjini, kwa sababu wao wenyewe hawakuwa na ruhusa. Hao wa mwisho sikuwakasirikia. Mwaka wangu wa kwanza katika mtaa wa Kadutu niliishi hivyohivyo, na mtu angeniuliza ningetaja nyumba ya shangazi.

Basi nikaanza upya, na ilinichukua karibu mwaka. Sikugusa tena buku. Mnunuzi akija nilimwacha kwanza aichague taa, aishike, afurahi, halafu nilimuuliza kama mtu anayepiga tu maongezi: maji munachota robine gani? Namba ya nyumba mtu anaweza kuisingizia, robine hapana, kwa sababu haoni hatari ndani yake. Kisha niliuliza nani anakaa mlango wa pili. Kisha nilimsomea yote niliyoandika, polepole, na kumtazama usoni. Aliyekuwa amedanganya alitazama taa.

Na bado sikuamini. Jumamosi alasiri nilipanda baisikeli nikaenda kuuliza kwenye robine zenyewe. Wanawake wa foleni walinizoea haraka kuliko nilivyopenda.

"Ule karani amekuya tena," mmoja aliwaambia wenzake huku anasukuma ndoo yake mbele. "Anazunguka kama mutu mwenye mbuzi yake imepotea."

"Haiko mbuzi," mwingine akamjibu. "Iko anatafuta bibi ya pili, anaanza na kuhesabu nyumba."

Mwanzoni walinificha watu. Waliamini kwamba mwenye kuandika nyumba za watu anafanya kazi ya kodi, au ya wale wanaorudisha watu vijijini. Walisema hawamjui mtu ambaye nguo zake zilikuwa zimeanikwa nyuma yao. Nilirudi nyumbani nimechoka, nimetukanwa, bila kitu. Mke wangu aliniuliza kama Bwana ananilipa kwa kutukanwa, au ninatukanwa bure. Nilisema bure.

Kitu kilichonisaidia kilikuwa kijikaratasi. Nilimwomba Bwana tutume barua kwa kila fishi, na ndani yake kijikaratasi kidogo chenye namba. Atakayekileta anapewa soksi moja bila kulipa. Aliyekileta, barua yake ilimfikia, hakuna ubishi. Asiyekileta ndani ya majuma matatu, nilichukua baisikeli na kumtafuta mpaka nijue yuko wapi. Bwana alinung'unika juu ya soksi za bure, lakini alikubali. Mwisho wa mwaka sanduku langu la mbao lilikuwa safi. Bwana aliwaonyesha wafanyabiashara wenzake. Aliwaambia kwamba mji mzima hauna orodha kama ile. Mimi nilisimama pembeni na kalamu sikioni, na siwezi kusema uongo, nilijiona mtu.

Katika mwaka huo mdogo wangu alinunua taa. Baba yetu alikuwa amekufa zamani, kwa hiyo mimi nilikuwa yaya wake, yaani kaka mkubwa, na baba yake pamoja. Alikuwa mwashi, anajenga nyumba za wazungu upande wa ziwa, na alikaa Kadutu katika chumba kimoja na rafiki zake wawili. Alikuja magazini saa niliyokuwa nimekwenda posta. Karani mwenzangu, mzee mmoja mpole, ndiye aliyemhudumia na kumjazia fishi. Niliporudi niliikuta. Niliikagua kama ya mtu mwingine yeyote. Nyumba sahihi, robine sahihi, muuza maharagi yupo. Wiki tatu baadaye alileta kijikaratasi chake na kunyoosha mkono juu ya meza.

"Karani, nipe soksi yangu," alisema. "Na usiniulize maji nachota wapi."

Nilimpa. Nilicheka. Nilimuuliza kwa nini mwashi anayelala saa moja anahitaji taa kubwa hivyo, akasema ni ya kusoma. Hakuwa mtu wa kusoma. Niliona, nikaacha.

Baadaye kiwanda kilichotengeneza taa kiliandika barua. Bwana aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akatuita. Kulikuwa na kasha moja la taa lililokuwa na ubaya. Tangi lake liliungwa vibaya chini, na likipigwa pampu kwa nguvu mshono ungeweza kufunguka na mafuta kuruka juu ya moto. Namba za taa zilikuwa zimeandikwa. Wenye taa hizo waache kuziwasha, wazirudishe, wapewe mpya. Kwenye sanduku langu nilitoa fishi kumi na tisa. Ya kumi na nne ilikuwa ya mdogo wangu.

Nilikuwa nimetulia. Ndiyo aibu yangu. Nilijiambia kwamba hii ndiyo siku ambayo kazi yangu yote ya robine itaonekana. Na kweli, kwa siku nne niliwapata watu wote kumi na tisa, kila mmoja mahali palepale fishi iliposema. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amehama bila mimi kujua. Watu kumi na tisa. Taa sita.

Taa nyingine hazikuwepo.

Kwetu, na sidhani ni kwetu peke yetu, kitu cha kwanza kikubwa ambacho mtu ananunua kwa mshahara wake hakilali nyumbani kwake. Kinapelekwa kwa aliyemzaa, au kwa baba mkwe, au kwa mjomba aliyemlipia shule. Hata mimi baisikeli yangu ya kwanza niliipeleka kwa baba, na nikaendelea kutembea kwa miguu mwaka mzima. Nililijua jambo hilo kama ninavyojua jina langu. Na karibu mwaka mzima nilikuwa nimewauliza watu wanalala wapi, wanachota wapi, wanapakana na nani, wala sikumuuliza hata mmoja taa itawaka wapi. Nilikagua watu. Taa zilikuwa zimekwisha kupanda mlima.

Mpishi yule wa barua ya kijijini alikuwa mmoja wao. Nilimkuta mlangoni kwake anachambua mchele. Alisema taa iko nzima, lakini iko kwa baba mkwe, upande wa Mwenga. Nilimwambia aende kuichukua, tutampa mpya. Alinitazama kama mtu aliyemwona mlevi asubuhi.

"Wewe karani, uko na baba mukwe?"

"Ninaye."

"Basi nenda kwake kwanza. Umwambie: Baba, ile zawadi, rudisha kidogo. Akikuacha na mguu muzima, urudi hapa unionyeshe njia."

Ndiyo yalikuwa majibu. Kitu ulichompa mkubwa hakirudi mkononi mwako. Ukikidai umemvua nguo mbele ya jirani zake, na akitamka neno, neno hilo linakufuata. Wengine hawakutaka hata kukiri kwamba wametoa zawadi, wasije wakasukumwa kwenda kuidai, basi wakadanganya. Mmoja alisema taa imeibiwa. Mmoja alisema imevunjwa na mbuzi. Watatu, katika mitaa mitatu tofauti, waliniambia imeanguka ziwani. Ningewaamini wote, samaki wa Kivu wangekuwa wanakula kwa mwanga.

Nilimpelekea Bwana habari. Alisema vizuri, tuandike kwamba wateja wote wamearifiwa, waweke sahihi au dole gumba, na kiwanda kitaridhika. Nilimwambia kwamba aliyearifiwa si yule anayepiga pampu. Alisema magazini inamjua mteja, haimjui baba mkwe wa mteja. Alisema orodha imefanya kazi yake. Nilisema ndiyo, Bwana. Nilikuwa na mke na watoto wawili, na kazi za meza hazikuwa nyingi kwa mtu wa elimu yangu. Lakini nilitoka pale na hasira, na sijui mpaka leo nilimkasirikia yeye au orodha yangu.

Yule mzee, karani mwenzangu, ndiye aliyefungua njia. Alisema zawadi hairudi, lakini inaweza kuipisha iliyo kubwa kuliko yenyewe. Kama magazini yenyewe ikija na taa mpya, ikasema tunamsalimu mzee wa nyumba na tunamletea iliyo bora, hakuna aliyedai kitu. Bwana alizitoa taa mpya, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimekwisha kuzileta, na jinsi zilivyofika kwa watu hakutaka kujua. Nikawa ninatumia Jumapili zangu. Nilipanda malori ya mchanga na ya mbao, taa mpya imefungwa shuka mapajani. Wazee walinipokea, wakanipa kasiksi, ile pombe ya ndizi, wakanishukuru kwa heshima ya watoto wao mjini, nami nikabeba ile mbaya. Kwa zile za ziwani wanawake wa robine walinisaidia. Sasa waliponiona waliniita kabla sijauliza. Mmoja alinong'ona kwamba taa ya mtu fulani haikuanguka majini, inawaka kwa mama yake karibu na Lwiro, na ameiona mwenyewe.

Kwa miezi miwili na nusu nilipata taa kumi na mbili kati ya zile kumi na tatu. Ilibaki moja. Ya mdogo wangu.

Yeye alikuwa ameniambia ameiuza. Kwa nani? Kwa mtu wa Bunyakiri waliyekutana sokoni, jina halijui. Nilimkaripia kwamba mtu anauzaje kitu kikubwa bila kujua jina. Alikubali kosa lake upesi sana. Mteja mwingine angenijibu hivyo, ningemsomea maneno yake polepole na kumtazama usoni. Yeye sikumsomea. Alinijibu kama mdogo anavyomjibu yaya wake, na mimi nikamsikiliza kama yaya, nikasahau kuwa karani.

Nilikwenda Bunyakiri Jumapili mbili kumtafuta mtu ambaye hakuwepo. Njia ile mvua ikinyesha lori linalala kwenye tope, na abiria wanashuka kusukuma. Niliuliza kwa wenye maduka, kwa katekista, kwa wauza ndizi: ni nani hapa amenunua taa ya pampu mjini? Walinionyesha taa mbili, zote si za kasha lile. Mara ya pili nilirudi na homa. Mdogo wangu alikuja kunitazama. Alimwomba mke wangu maji ya moto, akanitengenezea chai yeye mwenyewe, na akakaa chini karibu na kitanda.

"Yaya, uache ile taa," alisema.

"Nikiiacha itaua mutu."

"Labda ule mutu haiwashi."

"Nani ananunua taa asiiwashe? Wiki ijayo narudi kule. Nitaingia nyumba kwa nyumba."

Alikuwa anakwangua saruji kavu kwenye kucha zake, na niliona anataka kusema kitu. Nilidhani anataka kuniomba msamaha kwa usumbufu. Sikumsaidia. Nilikuwa na homa na nilikuwa nimechoshwa naye.

"Basi usirudi," alisema. "Nitaitafuta mimi."

Ukweli nilikuja kuujua baadaye, na ni mfupi. Kulikuwa na msichana, upande wa Katana. Mwaka ule mimi nilikuwa nimeanza maongezi na familia nyingine, ya rafiki wa baba yetu, kwa ajili ya mdogo wangu huyohuyo, na nilikuwa nimemwambia kwamba jambo limekwisha. Hakunibishia. Alinunua taa saa ambayo sipo, akaipeleka kwa wazazi wa msichana wake, apate kutazamwa vizuri wakati anatafuta namna ya kunieleza. Angeniambia taa iko wapi, angekuwa ameniambia yote. Na mimi ndiye ningefunga taa mpya ndani ya shuka na kwenda kupiga hodi kwenye nyumba ile. Nimejiuliza ningefanya nini pale mlangoni. Ningependa kuandika kwamba ningecheka. Sijui.

Jumamosi iliyofuata alipanda lori kwenda Katana. Baba wa msichana alinieleza siku ile ilivyokwenda. Kijana alifika mchana, akakaa na wazee, akawa anaitazama taa juu ya kabati na kuanza maneno asiyoyamaliza. Giza lilipoanza, kaka wa msichana alinyanyuka aiwashe kama kila siku. Mdogo wangu aliruka akaichukua mkononi mwake. Alisema taa hii ni kaidi, aachiwe yeye. Hakuwashia ndani. Aliipeleka mpaka katikati ya uwanja, mbali na nyasi za paa, akawaambia watoto wakae nyuma. Wao walidhani anajionyesha. Walimcheka kidogo, mpaka mshono ulipofunguka.

Kwa hiyo alikuwa ameniamini. Hilo ndilo linanikaba. Maneno yangu yote juu ya mshono na pampu aliyasikia na akayaamini, na bado ilikuwa rahisi kwake kupiga pampu ile kuliko kumwambia mzee mmoja airudishe, na kumwambia yaya wake mahali ilipo.

Hospitali ya misheni Katana aliishi siku nne. Habari zilinifikia haraka, Jumapili asubuhi tu, nikiwa ninafunga viatu niende misa. Mjumbe alikuwa dereva ambaye hajawahi kukanyaga mtaa wetu. Nilimuuliza ameipataje nyumba. Alisema mgonjwa mwenyewe alimwambia muuguzi: namba ya nyumba, robine iliyo chini ya njia, na mlango wa pili fundi viatu. Alimwambia muuguzi amsomee tena alichoandika, ahakikishe.

Nilikaa naye. Alikuwa amefungwa vitambaa, na alisema machache. Alinitajia kilima na jina la baba wa msichana, basi. Sikumuuliza kitu. Mtu ambaye alikuwa amewauliza watu wa Kadutu wote alikaa siku tatu kando ya kitanda kile bila swali.

Baada ya matanga nilikwenda kwenye kilima alichokitaja. Baba wa msichana alikuwa mtu mfupi, mkulima wa ndizi, mkono wake mmoja bado una kovu bichi kwa kuwa ndiye aliyemfunika kijana kwa blanketi. Nilimweleza habari ya kasha na barua ya kiwanda. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Angesema tu," alisema. "Ningemurudishia taa na mafuta yake ndani. Mimi sikutaka taa. Ilikuwa inanisumbua macho. Tuliiwasha juu ya heshima yake."

Nilitazama kabati ambako taa ilikuwa inakaa. Kulikuwa na kitambaa kilichofumwa, na duara safi katikati yake.

Niliporudi kazini nilichukua kalamu na kuongeza mstari wa sita, kwa mkono, chini ya kila fishi mpya: taa itawaka wapi. Bwana alisema ninachafua kadi zilizochapwa. Nilisema ndiyo, Bwana, na nikaendelea. Wanunuzi hawakuupenda mstari ule. Walisema huo si mji wangu wala mlima wangu, taa ikishalipwa ni ya mwenyewe, mimi inanihusu nini. Wengine walinitajia uongo hapohapo bila kupepesa. Niliwaeleza kwamba siku moja tunaweza kulazimika kuifuata taa, na kwamba tukiifuata hatutamwambia mtu arudishe zawadi, tutakuja wenyewe na nyingine. Wachache walielewa. Wengi walijibu ili niwaache waende, na nikawa ninarudi kwenye robine Jumamosi kama zamani, kuuliza sasa habari za wakwe na wajomba. Wale wanawake walijua nina msiba. Walinijibu, hawakunitania tena, na nilitamani wangenitania.

Kiwanda kilikuwa kimetuma taa kumi na tisa. Ya mwisho ilibaki chini ya meza yangu na jina la mdogo wangu kwenye kasha. Bwana alisema niipeleke kwa mteja au kwa ndugu wa mteja, apate kufunga jalada. Ndugu wa mteja nilikuwa mimi. Sikuweza kuiingiza nyumbani kwangu. Niliifunga shuka, nikapanda lori, nikaipeleka Katana. Baba wa msichana aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kitambaa kilekile, bila mafuta. Msichana alikuwa uani anaosha sahani. Alinisalimu, akainama tena kwenye beseni.

Jumatatu nilijaza mstari wa sita kwenye fishi ya mdogo wangu: kilima, jina la mzee, nyumba ya nyasi chini ya shamba la ndizi. Ilikuwa fishi pekee ya wale kumi na tisa yenye mistari yote sita kamili, na kila mstari ni kweli. Bwana aliichukua, akaandika chini kwa Kifaransa kwamba mteja amepokea taa mpya. Nilimwomba afute. Alisema kiwanda kinahitaji neno hilo, na kwamba ni neno tu.